Mafuta ya chapa ya duka: maabara inaweza kukuambia nini, na nini haiwezi

*"Papa, niko na teksibasi mbili aina ya Hiace za dizeli, zinatumika kati ya Lubumbashi na Likasi, siku zingine zinafika hadi Kolwezi. Tangu mwaka jana ninanunua mafuta ya motere 15W-40 yenye jina la duka lenyewe. Yanaingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa na bei yake ni karibu nusu ya zile chapa kubwa. Mekanisye wangu anayakataa. Anasema ni maji tu, maana wiki moja baada ya vidanji, yaani kubadilisha mafuta, yamekwisha kuwa meusi tititi, na akiyasugua kwenye vidole anasikia ni mepesi. Shemeji yangu anatumika kwenye mgodi na anasema kule kuna labo inayopima mafuta ya mashine. Nikimpa chupa moja, wataweza kuniambia kama mafuta haya ni mazuri? Na mafuta ya breki ya chapa hiyo hiyo, niyaamini?"*

Ndugu yangu, nianze na jibu lenyewe, kisha nikufafanulie. Chupa moja ya mafuta mapya, ikipimwa vizuri, inaweza kuonyesha kwamba mafuta ni mabaya, au kwamba ndani ya bidoni mna kitu kisicholingana na kilichoandikwa nje. Peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba ni mazuri. Uthibitisho huo unatoka kwingine, na sehemu yake kubwa utaipata ndani ya injini zako mwenyewe, ukiwa na subira. Kuhusu mafuta ya breki nina jibu kali zaidi, nitalifikia.

Fundi wako usimgombeze. Anailinda gari yako kwa macho na vidole alivyo navyo, na ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa kazi. Lakini weusi ule anausoma kinyume. Dizeli inapoungua huacha masizi, na sehemu ya masizi hayo hupenya kando ya ringi za pistoni ikaingia kwenye mafuta. Mafuta ya dizeli yaliyotengenezwa sawasawa yana viongezeo vya kusafisha, vinavyozuia uchafu usigande kwenye pistoni na ringi, na viongezeo vya kusambaza, vinavyoizunguka kila chembe ya masizi na kuiacha ielee peke yake badala ya kushikana na nyingine. Chembe hizo ni ndogo mno, filta haizikamati, na kiasi kidogo tu hutosha kuyatia mafuta rangi. Tena, ukifanya vidanji, mafuta ya zamani hayatoki yote. Yale yanayobaki kwenye vijia vya injini huyapaka mapya weusi siku hiyo hiyo. Mimi ningeingiwa na wasiwasi kama dizeli ya Hiace ingetembea kilomita elfu kadhaa na mafuta yakabaki ya kahawia na kung'aa. Ningeuliza masizi yamekwenda kuganda wapi.

Vidole navyo havina uwezo tunaovipa. Mafuta ya 15W-40 yakiwa kwenye nyuzi 40 za joto huwa na mnato, yaani uzito wa kutiririka, wa karibu sentistoki 110, na yakifika nyuzi 100 yanabaki na 14 au 15 tu. Yamepungua uzito zaidi ya mara saba, na ni mafuta yale yale. Tofauti kati ya SAE 30 na SAE 40, ambayo ni madaraja ya mnato, ni ndogo kuliko tofauti ya bidoni moja ukiigusa alfajiri ya mwezi wa saba na ukiigusa saa nane mchana. Hakuna kidole kinachoweza kutenganisha hayo. Zile video za simu za watu wanaochemsha mafuta kwenye kikaango ziache pia, kwa sababu hakuna injini inayofanya kazi namna ile.

Sasa, mafuta ya chapa ya duka ni nini hasa? Duka halina kiwanda cha mafuta. Linaagiza kwa kiwanda cha kuchanganya, nacho hununua mafuta msingi kutoka kwa wasafishaji, kisha huyatia kifurushi cha viongezeo. Vifurushi hivyo, dunia nzima, kwa sehemu kubwa vinatoka kwa kampuni nne: Lubrizol, Infineum, Afton na Chevron Oronite. Chapa kubwa nyingi nazo zinanunua hapo hapo. Ni kama unga wa bukari: kinu kimoja kinaweza kusaga mahindi yale yale na kuyatia kwenye mifuko ya majina matatu. Kwa hiyo bei ya chini peke yake haithibitishi kwamba umeuziwa maji. Unapolipa chapa kubwa unalipia pia matangazo, vibali vya watengenezaji wa magari, na usimamizi wa ubora unaohakikisha bidoni ya leo inafanana na ya mwaka jana. Hilo la mwisho lina thamani ya kweli. Duka linaweza kubadilisha kiwanda msimu ujao bila kubadilisha hata rangi ya bidoni, nawe usijue.

Kuna jambo lingine ambalo wenye magari kwetu wanalisahau. Mwenye kughushi huiga chapa inayolipa. Haoni faida kubwa kuiga bidoni ya bei nusu inayouzwa katika duka moja. Anaiga ile ya jina kubwa, anajaza bidoni tupu alizozinunua kwa mafundi, na anaipeleka sokoni. Bidoni ya jina maarufu iliyonunuliwa pembeni mwa barabara inaweza kuwa hatari kuliko chapa ya duka iliyonunuliwa dukani kwake. Ndiyo maana, kila mara baada ya vidanji, toboa bidoni tupu kwa kisu kabla hujaitupa, na umwombe fundi wako afanye vivyo hivyo kwa wateja wote.

Kabla ya kumpa shemeji chupa, chukua bidoni uisome, kwa sababu kusoma ni bure. Tafuta mambo matatu. La kwanza ni mnato, SAE 15W-40, nao umekwisha kuuona. La pili ni daraja la API (Taasisi ya Petroli ya Marekani), yaani herufi na tarakimu zinazoeleza mafuta yamejaribiwa kwa injini za kizazi gani. Kwa dizeli herufi inaanza na C, kwa petroli na S. CD ni daraja la miaka mingi sana nyuma. CF-4 ilikuja mwaka 1990, CH-4 mwaka 1998, CI-4 mwaka 2002, na CK-4 mwishoni mwa 2016. Ukikuta bidoni ina picha ya injini ya kisasa mbele na nyuma imeandikwa CD au SF kwa herufi ndogo, hujadanganywa kwa maandishi, umedanganywa kwa picha. Mafuta yanaweza kuwa ndiyo hasa yanayosemwa na herufi zile, na bado yakawa hayafai kwa gari yako. Ukikuta SA, yaache: daraja hilo halina viongezeo kabisa, na API yenyewe inaonya kwamba halifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1930.

La tatu ni kama kuna leseni. Alama ya duara ya API, ambayo katikati ina mnato na juu ina daraja, hutolewa kwa leseni, na API ina orodha ya wenye leseni kwenye intaneti ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta bila malipo. Maneno kama "yanakidhi mahitaji ya CI-4" ni ahadi ya muuzaji. Inaweza kuwa ya kweli, lakini hakuna aliyeikagua kwa niaba yako. Ujue pia kwamba madaraja ya zamani kama CF-4 hayatolewi leseni tena, kwa hiyo kwa bidoni ya namna hiyo hakuna cha kutafuta kwenye orodha.

Hapa nisahihishe wazo moja la wenye magari makini: kwamba daraja jipya kuliko yote ndilo bora kwa kila mtu. CI-4 iliundwa kwa kufikiria dizeli yenye salfa hadi 0.5%. CK-4 iliundwa kwa nchi zenye dizeli safi sana, na ukiitumia na dizeli yenye salfa nyingi inabidi ufupishe muda wa vidanji. Kwa gari inayokunywa dizeli ya vituo vya njiani, CI-4 nzuri ni chaguo la busara.

Tuje sasa kwenye maabara. Ukipeleka mafuta mapya, omba vipimo hivi: mnato kwenye nyuzi 40 na kwenye nyuzi 100, faharasa ya mnato inayokokotolewa kutokana na hivyo viwili, akiba ya alkali ambayo kwenye ripoti utaiona kama TBN, maji, na uchanganuzi wa elementi. Maabara inayopima mafuta ya mashine za mgodi kwa kawaida inafanya vyote hivi.

Mnato kwenye nyuzi 100 kwa SAE 40 lazima uwe kuanzia 12.5 hadi chini ya 16.3. Ukiwa nje ya hapo, mafuta yameshindwa mtihani wa kwanza. Lakini usikubali kipimo cha nyuzi 100 peke yake, maana ndipo ujanja unapojificha. Mafuta ya SAE 40 ya daraja moja, yale ya zamani yasiyo na W (alama ya mnato wakati wa baridi), yanaweza kutoa 14.5 pale pale na kupita. Kwenye nyuzi 40 ndipo yanaumbuka: yatakuwa karibu 145 au 150 badala ya 110, na faharasa yake itakuwa karibu 95 au 100 badala ya 130 na zaidi. Maana yake asubuhi ya Julai hapa Lubumbashi, baridi ikiwa imeshuka chini ya nyuzi 10, mafuta yanachelewa kufika juu ya injini, na kila kuwasha gari ni kukwangua chuma kwa chuma.

TBN ni akiba ya alkali inayopambana na asidi zinazotokana na salfa ya dizeli na mafuta kuzeeka. Kwa CI-4 mpya kwa kawaida ni karibu 10. Ukipata 4 kwenye mafuta mapya, umeuziwa kitu kingine. Uchanganuzi wa elementi unasimulia mengi zaidi. Kalisiamu na magnesiamu zinatoka kwenye visafishi. Kwa 15W-40 ya dizeli, kalisiamu mara nyingi ni sehemu 2,500 hadi 3,500 kwa milioni, na ikiwa chini ya hapo basi magnesiamu iwepo kufidia. Zinki na fosforasi zinatoka kwenye kiongezeo cha kuzuia kusagika, na kila moja huwa karibu na 1,000 au zaidi. Ukiona zinki kidogo na kalisiamu karibu hakuna, huenda ulichouziwa ni mafuta ya hidroliki yaliyovishwa lebo ya injini. Ukiona zote hakuna, ni mafuta msingi matupu. Na ukiona chuma, shaba na risasi ndani ya mafuta ambayo hayajawahi kuingia kwenye gari, basi yamekwisha kuingia kwenye gari ya mtu mwingine: ni mafuta machafu yaliyochujwa na kupakiwa upya. Kwenye mafuta mapya chuma kinatakiwa kiwe sehemu chache tu kwa milioni. Silikoni kidogo haina neno, inatoka kwenye kiongezeo cha kuzuia povu.

Kama vyote hivyo vimepita, una haki ya kusema kwamba bidoni hii ina mafuta ya aina iliyoandikwa. Usiende mbali zaidi ya hapo. Kipimo kinakuambia kuna zinki kiasi gani. Hakikuambii kama kiongezeo kile kinastahimili joto. Hakikuambii mafuta msingi yatazeeka namna gani baada ya wiki nne za kwenda na kurudi Likasi, wala kama ringi zitabaki huru. Mnato kwenye nyuzi 150 chini ya msukumo mkali, ambao kwa 15W-40 haupaswi kushuka chini ya 3.7, hupimwa kwa kifaa ambacho maabara nyingi za mashine hazina. Kuyajua hayo kikamilifu kunahitaji injini. Kwa madaraja ya API, injini za kampuni kama Mack, Cummins na Caterpillar huwekwa kwenye benchi, zinaendeshwa kwa mamia ya saa, kisha zinafunguliwa na kupimwa kipande kwa kipande. Leseni inasimama juu ya majaribio hayo, ndiyo maana nakusisitiza uanze nayo. Na kumbuka kwamba chupa yako inasema habari za toleo moja tu, yaani mafuta yaliyochanganywa kwa mkupuo mmoja. Nambari ya toleo imechapwa kwenye bidoni, iandike. Ikibadilika, matokeo yale yanabaki kuwa ya mafuta uliyokwisha kuyamaliza.

Kwangu mimi, pesa ya maabara inalipa zaidi ukipeleka mafuta *yaliyotumika*, kwa sababu hapo ni injini yako yenyewe inayotoa ushahidi. Ukiwa na ripoti ya mafuta mapya kama msingi, kila sampuli ya baadaye unailinganisha nayo. TBN imeshuka kutoka 10 hadi 7 kwa kilomita 5,000? Vizuri. Imeshuka chini ya nusu? Ama mafuta ni dhaifu, ama dizeli ina salfa nyingi, ama unachelewesha vidanji. Mnato umepungua ukatoka nje ya 12.5? Uliza kwanza kama kuna dizeli iliyoingia kwenye mafuta, maana nozeli inayovuja huharibu mafuta ya chapa yoyote. Umepanda? Masizi yamezidi, au mafuta yamepikwa na joto.

Halafu kuna metali. Chuma hutoka kwenye silinda na shafti, kromu kwenye ringi, alumini kwenye pistoni, risasi na shaba kwenye beringi. Usitishwe na namba moja. Igawanye kwa kilomita ambazo mafuta yametembea, kisha ulinganishe na sampuli iliyotangulia. Gari mbili zinazofanana, njia moja, dereva tofauti, zinaweza kuwa na viwango tofauti kabisa na zote zikawa nzima. Nahesabu sampuli tatu kuwa ndio mwanzo wa kuelewa gari.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu silikoni, kwa sababu hapa Katanga ndiko wengi wanakopotea. Vumbi letu jekundu limejaa silika na alumina. Kuanzia Mei hadi Septemba, kabla mvua hazijaanza, barabara zisizo na lami zinaitwisha injini vumbi kila siku, na likipita kwenye filta ya hewa iliyochakaa au mpira wa hewa uliopasuka, linakuwa msasa ndani ya silinda. Kwenye ripoti utaona silikoni imepanda, alumini imepanda pamoja nayo, na chuma kimewafuata. Nimesoma ripoti za namna hii mara nyingi: mwenye gari anaona chuma kimepanda, analaumu mafuta, anahamia chapa ya bei mara mbili, na chuma kinaendelea kupanda, kwa sababu tundu liko kwenye mpira wa hewa na hakuna aliyelitazama. Mafuta ya bei yoyote hayawezi kusaga mchanga bila injini kuumia. Kwa hiyo silikoni na chuma vikipanda pamoja, kabla ya kuhukumu chapa ya duka, fungua nyumba ya filta upitishe kidole upande wa ndani, ule wa baada ya filta. Ukikuta vumbi hapo, umepata mkosaji. Kama hivi karibuni fundi alipaka gundi ya silikoni kwenye karteri (beseni la mafuta chini ya injini), silikoni itapanda pia, lakini peke yake, bila alumini wala chuma, hiyo haidhuru.

Na shaba usiisome haraka. Udongo wa sehemu zilizo karibu na kiwanda cha zamani cha kuyeyushia cha kampuni ya madini ya Gécamines una shaba, na njia za migodini nazo zina vumbi la mawe yenye madini. Chupa iliyofunguliwa kwenye upepo wa mahali kama hapo inaweza kuleta shaba ambayo haikutoka kwenye beringi yoyote.

Ndiyo maana namna ya kuchukua sampuli ni nusu ya kazi. Tumia chupa mpya kavu kutoka maabara yenyewe, si chupa ya maji uliyoisuuza. Injini iwe ya moto, imetoka kutembea. Futa kizibo cha karteri kwanza, acha mafuta ya mwanzo yapite, jaza chupa katikati ya mtiririko, na usichukue ya mwisho yenye matope. Mililita 100 au 120 zinatosha. Funga papo hapo. Andika tarehe, gari gani, kilomita za gari, kilomita za mafuta, na kiasi cha mafuta ulichoongeza katikati. Hilo la kuongeza watu wanalisahau, nalo linabadilisha kila namba: anayeongeza lita moja kila wiki anaifanya TBN ionekane nzuri na chuma kionekane kidogo.

Kuhusu maabara ya mgodi, nina angalizo. Shemeji aombe ruhusa kwa mkuu wake, asipitishe chupa kimyakimya. Kazi yake ina thamani kuliko mafuta yako. Zipo pia maabara za kibiashara zinazohudumia migodi, na ofisi ya OCC (Office Congolais de Contrôle), ambayo ndiyo yenye jukumu la kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia, unaweza kuiuliza inapima nini na kwa gharama gani. Ripoti ya mgodini ikija na rangi ya kijani au nyekundu, ujue mipaka hiyo iliwekwa kwa mashine kubwa za kuchimba na malori yake. Kijani cha mashine yenye lita nyingi za mafuta hakimaanishi kijani cha Hiace. Omba namba zenyewe. Jua pia kwamba kifaa cha elementi huona chembe ndogo tu, za mikromita chache. Kipande cha beringi kinachoonekana kwa macho hakikioni. Kila vidanji, mwambie fundi akate filta ya mafuta na kukunjua karatasi yake kwenye mwanga. Vikionekana vimulimuli vya chuma, ripoti safi haina maana tena.

Hujaniambia injini zako ni zipi, na ushauri wangu unategemea hapo. Kama ni 3L au 5L za zamani, zisizo na turbo, zile ni injini zisizo na makuu. Mafuta ya duka yenye CH-4 au CI-4 yaliyopita vipimo vya mafuta mapya, na vidanji kila kilomita 5,000, ningeyatumia bila kukosa usingizi. Kama ni D-4D, yaani 2KD au 1KD, kuna turbo inayozunguka kwa kasi kubwa kwenye utando mwembamba wa mafuta ya moto. Hapo ningenunua mafuta yenye leseni ninayoweza kuiona kwenye orodha, na kununua kwa msambazaji anayejulikana. Katika hali zote mbili, ripoti moja nzuri isikushawishi kurefusha vidanji. Na ukiona kwamba mafuta ya nusu bei yanakulazimu kufanya vidanji kila kilomita 2,500, faida yake imekwisha, ukihesabu filta na siku ya gari kusimama.

Kwa teksibasi mbili si lazima upime kila vidanji. Mafuta mapya mara moja kwa kila toleo jipya, ukinunua kwa wingi. Mafuta yaliyotumika katikati ya kiangazi na tena mvua zikiwa zimekolea, kwa kila gari. Hiyo inatosha kukuonyesha mwelekeo.

Mafuta ya breki sasa. Hapa uvumilivu wangu kwa kubahatisha unaisha, maana mafuta dhaifu ya injini yanakula injini taratibu, lakini ya breki yanaua abiria siku moja. Mafuta ya breki ya kawaida ni ya jamii ya glaikoli, na yanavuta unyevu wa hewa. Madaraja yake huandikwa DOT: DOT 3 ikiwa mpya lazima ichemke si chini ya nyuzi 205, na ikishavuta maji, kwa kipimo cha kiwango, isiwe chini ya 140. DOT 4 ni 230 na 155. Gari iliyojaa watu ikishika breki mara kwa mara, joto la breki linapanda, na mafuta yenye maji yanachemka ndani ya kaliper. Mvuke unabanika, mafuta hayabaniki, na pedali inazama hadi chini.

Maabara ya mafuta ya mashine mara nyingi haipimi kiwango cha kuchemka cha mafuta ya breki, kwa hiyo shemeji huenda asikusaidie. Kuna jaribio moja dogo la nyumbani ninaloliamini, na ni la kukataa tu, si la kukubali. Tia kijiko cha mafuta hayo kwenye glasi ya maji safi ukoroge. Ya glaikoli huchanganyika na maji. Yakielea juu kama mafuta ya kupikia, ni ya madini, au ni DOT 5 ya silikoni ambayo gari yako haikuundwa kwayo, usiyatie kabisa. Mafuta ya madini huvimbisha mipira yote ya breki, kuanzia pampu kuu hadi magurudumuni, na kuisafisha haitoshi, mipira yote inabidi ibadilishwe. Kuchanganyika na maji hakuthibitishi kwamba ni DOT 4. Kunaonyesha tu kwamba si ya madini wala ya silikoni. Kwa hiyo kwa breki nunua jina linalojulikana, chupa ndogo yenye kizibo ambacho hakijafunguliwa, tumia iishe, yanayobaki kwenye chupa iliyofunguliwa usiyaweke kwa ajili ya mwakani, na badilisha yote kila baada ya miaka miwili. Chupa ya breki ni bei ndogo ukiilinganisha na bidoni ya mafuta ya injini. Usitafute akiba hapo.

Yapo mambo ambayo hayangoji ripoti. Taa ya presha ya mafuta ikiwaka njiani, zima injini hapo ulipo, hata kama ni katikati ya pori. Mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, kuna maji ndani: gasketi ya kichwa cha injini au kipoza mafuta kimepasuka, na gari ivutwe, isiendeshwe. Kijiti kikionyesha mafuta yameongezeka bila wewe kuongeza, dizeli inavuja ndani, na kwenye injini ya turbo hiyo ni hatari ya haraka. Mlio wa kugonga kutoka chini, au pedali ya breki inayokwenda laini: mpigie fundi wako, yule yule wa vidole, aje aitazame gari kabla haijabeba mtu tena.